Udongo wa Maxwell: Jinsi vielelezo vya kushikwa vinavyofumbua michoro ya hali za maada

MWANAFUNZI yeyote aliyesoma kemia ya kifizikia chuoni anaukumbuka mchoro huo: mistari mitatu inayokutana katika nukta moja, na kila eneo limeandikwa jina lake, yabisi, kiowevu na gesi. Aliukariri, akauchora katika mtihani, akapata alama zake. Lakini ukimwuliza miaka michache baadaye mstari wenyewe ni kitu gani, au maji ya sufuria yanayochemka kwa nusu saa huwa yako wapi katika mchoro huo, aghalabu hana jibu.

Lawama si yake. Mchoro anaoonyeshwa ubaoni ni kivuli cha umbo ambalo hajawahi kuonyeshwa. Umbo hilo lina urefu, upana na kimo, na linaweza kufinyangwa kwa udongo, kukatwa kwa kadibodi au kumiminwa kwa plasta. Wanasayansi walioiasisi elimu hii katika karne ya 19 walilijua hilo vyema, na baadhi yao waliyafinyanga maumbo hayo kwa mikono yao. Vitabu vya kiada vilivyofuata vilibakiza kivuli na kuliacha umbo, kwa sababu kivuli hulala vizuri katika ukurasa.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Wapo wanaosema 'awamu' na wapo wanaosema 'hali'. Wengine huita shinikizo 'kanieneo'. Makala haya yatatumia hali na shinikizo, kwa kuwa ndiyo maneno ambayo msomaji anayaelewa bila kufungua kamusi. 'Awamu', kwa maoni yetu, inafaa serikali kuliko barafu. Shinikizo litapimwa kwa 'angahewa', yaani angahewa moja ni shinikizo la hewa kando ya bahari.

KILE AMBACHO MCHORO BAPA UNAFICHA

Teleka maji Mombasa. Yakifika nyuzijoto 100 yanaanza kuchemka, na tangu hapo hadi tone la mwisho litoweke, halijoto haipandi wala shinikizo halibadiliki. Kinachobadilika ni ujazo. Gramu moja ya maji yaliyokuwa yamejaza takriban sentimita moja ya ujazo inageuka mvuke unaojaza takriban sentimita 1,670 za ujazo. Hilo ni badiliko kubwa mno, na ndilo lililoendesha magari-moshi ya mvuke. Hata hivyo, katika mchoro wa ubaoni, ambao una mhimili wa halijoto na mhimili wa shinikizo tu, safari hiyo yote ni nukta moja isiyosogea. Mwanafunzi anaona nukta, jikoni anaona sufuria ikikauka, na hakuna aliyemwambia kwamba ni jambo lilelile.

Ongeza mhimili wa tatu, wa ujazo, na mambo yanafunguka. Mistari inaacha kuwa mistari. Ule unaotenganisha kiowevu na gesi unakuwa uso mpana ulioinama, mfano wa bati la paa: upande mmoja wa bati ni kiowevu kitupu, upande wa pili ni mvuke mtupu, na katikati ni mchanganyiko wa vyote viwili. Kuchemka ni kulivuka bati hilo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kupanda wala kushuka. Sasa simama ubavuni, ulitazame bati hilo kwa ukingo wake. Utaona mstari. Huo ndio mstari wa kitabuni.

Vivyo hivyo kwa ile nukta maarufu ambapo yabisi, kiowevu na gesi huishi pamoja, ambayo hapa tutaiita nukta ya utatu. Kwa maji, iko katika nyuzijoto 0.01 na shinikizo la paskali 611 hivi, ambalo ni chini ya mia moja ya angahewa. Katika umbo kamili hiyo si nukta hata kidogo. Ni mstari mrefu unaotazamwa kutoka mwisho wake, kama msumari unavyoonekana kuwa kitone ukiuelekeza kwenye jicho. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa dakika ishirini na asieleweke. Akimpa mwanafunzi kielelezo akigeuze mkononi, maelezo yanachukua nusu dakika.

BELFAST, KABLA YA UDONGO

Chanzo cha habari hii ni mirija ya kioo. Thomas Andrews, profesa wa kemia katika Chuo cha Malkia mjini Belfast, alitumia miaka mingi ya 1860 akiigandamiza gesi ya kaboni dayoksaidi ndani ya mirija myembamba yenye kuta nene. Mwaka 1869 aliyatangaza matokeo yake mbele ya Royal Society jijini London. Aligundua kwamba chini ya takriban nyuzijoto 31, gesi hiyo ikigandamizwa hufika mahali ikageuka kiowevu, na mtu akauona mpaka baina ya viwili hivyo ndani ya mrija. Juu ya hapo, hata ukigandamiza namna gani, mpaka hauonekani kamwe. Gesi inazidi kuwa nzito tu, hadi inakuwa na uzito unaokaribia wa kiowevu, na hakuna wakati ambapo unaweza kusema: sasa imegeuka. Mahali pale mpaka unapofutika ndipo panapoitwa nukta ya upeo.

Ugunduzi huo ulieleza fumbo lililowasumbua wataalamu kwa muda. Michael Faraday alikuwa ameigeuza klorini kuwa kiowevu mwaka 1823, lakini oksijeni, nitrojeni na haidrojeni zilimshinda yeye na wenzake hata zikaitwa gesi za kudumu. Kumbe tatizo halikuwa nguvu ya pampu. Zilikuwa zinagandamizwa zikiwa juu ya nukta zao za upeo, na huko hakuna kiowevu cha kupatikana.

James Thomson, kaka yake yule mwanafizikia aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa akifundisha uhandisi Belfast wakati huo. Aliyachukua matokeo ya Andrews na mwaka 1871 akaeleza jinsi ya kuyajenga kuwa umbo la vipimo vitatu: ujazo, shinikizo na halijoto. Grafu za Andrews zilikuwa mistari iliyopangwa katika karatasi moja, kila mstari na halijoto yake. Thomson aliisimamisha mistari hiyo mmoja nyuma ya mwingine, kisha akaujaza uwazi uliokuwa kati yake. Ni wazo jepesi ambalo fundi yeyote wa bati angeweza kulipata, na ndilo tutakalolitumia hapa chini kujenga kielelezo chetu. Thomson huyo huyo ndiye aliyeipa jina nukta ya utatu, mwaka 1873.

BARUA KUTOKA NEW HAVEN

Mwaka huo wa 1873, Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alichapisha makala mawili ambayo karibu hakuna aliyeyasoma. Alikuwa na umri wa miaka 34, na tangu 1871 alikuwa profesa wa fizikia ya kihisabati bila mshahara; hali hiyo iliendelea kwa miaka tisa ya kwanza ya kazi yake. Jarida lililomchapishia lilikuwa la chama cha wasomi wa jimbo la Connecticut, na wachache mno nje ya hapo walilipata.

Gibbs alipendekeza umbo tofauti na la Thomson. Badala ya ujazo, shinikizo na halijoto, alichukua ujazo, nishati na entropia. Entropia, kwa ufupi, ni kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika ndani ya kitu. Mtu atauliza: kwa nini aache halijoto na shinikizo, vitu vinavyopimika, akachukua kitu kisichokuwa na kifaa cha kukipima? Jibu ni kwamba katika umbo la Gibbs, halijoto na shinikizo hazipotei. Zinakuwa miinamo ya uso wenyewe. Ukisimama mahali popote kwenye uso huo, mwinamo wake kuelekea upande wa entropia ndio halijoto ya hapo, na mwinamo wake kuelekea upande wa ujazo ndio shinikizo. Umbo moja linabeba kila kitu.

Lakini Gibbs aliliandika umbo hilo kwa maneno tu. Msomaji alitakiwa kuliona kichwani mwake, na wasomaji wengi hawakuliona. Mmoja aliyeliona ni James Clerk Maxwell, profesa wa kwanza wa maabara ya Cavendish huko Cambridge, Uingereza, mtu ambaye tayari alikuwa ameunganisha umeme, sumaku na mwanga katika nadharia moja. Maxwell hakutosheka na kuliona kichwani. Mwaka 1874 alichukua udongo wa mfinyanzi akalifinyanga.

Alichokifinyanga kilikuwa umbo la dutu ya kubuni inayofanana na maji, yaani inayopanuka inapoganda, lakini sifa zake zikiwa zimetiwa chumvi makusudi ili zionekane. Hili ni jambo la kuzingatia. Lau angefuata vipimo halisi vya maji, tofauti ya ujazo baina ya barafu na maji ingekuwa ndogo kuliko unene wa ukucha, ilhali upande wa mvuke ungetoka nje ya chumba. Maxwell alijua kwamba kielelezo cha kufundishia kina haki ya kukuza kidogo na kupunguza kikubwa, maadamu mwalimu anakiri hivyo. Kutokana na udongo huo alitengeneza nakala za plasta, na moja akamtumia Gibbs ng'ambo ya Atlantiki kama zawadi. Husimuliwa kwamba wanafunzi wa Yale walipomwuliza Gibbs ni nani aliyemletea kitu kile cha ajabu, aliwajibu tu kwamba ni rafiki yake wa Uingereza, asitaje kwamba rafiki huyo alikuwa mwanafizikia mashuhuri kuliko wote wa wakati ule. Nakala hiyo ipo Yale hadi leo, na nyingine imehifadhiwa Cavendish.

JUA KAMA CHOMBO CHA HISABATI

Baada ya plasta kukauka, Maxwell alikabiliwa na kazi ya kuichora. Alitaka mistari ya halijoto moja na mistari ya shinikizo moja ionekane juu ya uso huo. Angeweza kukokotoa nukta moja baada ya nyingine. Badala yake alikitoa kielelezo juani.

Fikiria kilima wakati wa machweo. Upande mmoja una mwanga, upande wa pili una kivuli, na baina yake kuna mstari ambapo miale inaugusa mgongo wa kilima kwa kuupitia juu tu bila kuuchoma. Kila mahali katika mstari huo, ardhi ina mwinamo ule ule wa miale. Sasa kumbuka kwamba katika umbo la Gibbs, mwinamo ndio halijoto. Kwa hiyo ukikiweka kielelezo vizuri, mpaka wa mwanga na kivuli ni mstari wa halijoto moja. Maxwell aliufuata kwa kalamu. Akakigeuza kidogo, mwinamo mwingine, halijoto nyingine, mstari mwingine. Kisha akakizungusha kwa upande wa ujazo, akapata mistari ya shinikizo. Miale ya jua huja sambamba kutoka mbali mno, na bila ya kutozwa ada. Sijui chombo bora zaidi kwa kazi hiyo.

Jaribio la pili halihitaji hata jua. Gibbs alikuwa ameeleza kwamba hali mbili zinaweza kuishi pamoja ikiwa bapa moja lililonyooka linaweza kuugusa uso mahali pawili kwa wakati mmoja. Chukua kipande cha kioo au ubao laini, ukiegemeze kwenye upande uliobenuka wa kielelezo. Kitatulia kikigusa mahali patatu: hapo ni barafu, hapo ni maji, hapo ni mvuke. Pembetatu baina ya miguso hiyo ndiyo nukta ya utatu ya vitabuni. Ubao ukiinuliwa kutoka kwenye mguso mmoja, ukabingirishwa taratibu ukigusa pawili tu, unaandika jozi baada ya jozi za hali zinazopatana: maji na mvuke wake katika kila halijoto. Endelea kuubingirisha upande wa maji na mvuke, na miguso hiyo miwili inasogeleana, inasogeleana, hadi inakuwa mmoja. Mkono wa mwanafunzi umefika kwenye nukta ya upeo, kwa maji nyuzijoto 374 na takriban angahewa 218.

Mtu aliyefanya hivyo mara moja hasahau kwa nini hali tatu haziwezi kuishi pamoja ila katika halijoto moja na shinikizo moja: ubao uliokaa juu ya miguu mitatu hauwezi kutikisika. Ukiwa juu ya miwili unabingirika kwa njia moja. Ukigusa mahali pamoja tu, uko huru kuelekea pande mbili. Gibbs alikuja kuigeuza hoja hii kuwa kanuni katika kazi yake kubwa iliyochapishwa kati ya 1875 na 1878: uhuru wa mfumo ni idadi ya viambajengo vyake, ukiondoa idadi ya hali zilizopo, ukiongeza mbili. Wanafunzi wetu huikariri kanuni hiyo kama sala. Ubao unaotikisika ungewaonyesha ilikotoka.

Maxwell aliuingiza uso wa Gibbs katika toleo la 1875 la kitabu chake kuhusu joto. Alifariki 1879, na Gibbs akapoteza mtetezi wake mkuu barani Ulaya. Mapokeo ya vielelezo yaliendelea Uholanzi. Johannes van der Waals alikuwa ametoa mlinganyo wake kuhusu gesi na viowevu mwaka 1873, na baadaye nadharia ya michanganyiko, ambayo nyuso zake zilifinyangwa kwa plasta katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden. Maabara hiyo ndiyo iliyoigeuza heli kuwa kiowevu mnamo Julai 1908, gesi ya mwisho kusalimu amri.

KUJENGA CHA KWETU

Uso wa Gibbs unahitaji mkono wa mfinyanzi. Ule wa Thomson unahitaji mkasi, gundi na katoni kuukuu, na kwa darasa la kwanza ndio bora. Tutachukua kaboni dayoksaidi, dutu ya Andrews, kwa kuwa ujazo wa mvuke wake karibu na nukta ya upeo si mkubwa hata ushindwe kutoshea mezani.

Kata vipande vitano vya kadibodi, kila kimoja sentimita 14 kwa upana na 20 kwa kimo. Upana ni ujazo wa gramu moja: sentimita moja ya kadibodi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kimo ni shinikizo: sentimita mbili kwa kila angahewa 10. Kila kipande kina halijoto yake: 0, 10, 20, 30 na 40.

Katika kipande cha nyuzijoto 0, piga mstari ulionyooka kwenye kimo cha angahewa 34, kuanzia ujazo wa 1.1, ambapo kila kitu ni kiowevu, hadi 10.2, ambapo kila kitu ni mvuke. Katika kipande cha 10, kimo ni angahewa 44, kutoka 1.2 hadi 7.4. Cha 20 ni angahewa 57, kutoka 1.3 hadi 5.2. Cha 30 ni angahewa 71, kutoka 1.7 hadi 2.9 tu. Kushoto kwa kila mstari huo, chora mstari unaopanda karibu wima ukielemea kushoto kidogo, kwa sababu kiowevu hakikubali kugandamizwa kwa urahisi. Kulia, chora mstari unaoteremka polepole kama ukingo wa bonde, kwa sababu gesi inakubali.

Kipande cha nyuzijoto 40 hakina sehemu bapa. Pitisha mstari mmoja usiovunjika katika ujazo wa 6.7 kwa angahewa 59, ujazo wa 3.6 kwa 79, ujazo wa 2.1 kwa 89, na 1.6 kwa 99. Kata kadibodi zote kufuata mistari uliyochora, uzisimamishe kwa safu zikiachana kwa sentimita nne, kisha jaza nafasi zilizo kati kwa udongo wa mfinyanzi na kuusawazisha kwa ncha za vidole.

Kazi hiyo ni ya alasiri moja, na sehemu yenye thamani zaidi ni ile ya kusawazisha udongo. Mwanafunzi anahisi chini ya kidole gumba jinsi sehemu bapa inavyozidi kuwa nyembamba: zaidi ya sentimita 9 mbele, kisha 6, kisha chini ya 4, kisha moja na kidogo, kisha hakuna. Ina umbo la ulimi. Ncha ya ulimi huo ndiyo nukta ya upeo, nyuzijoto 31 na angahewa 73. Hakuna mwalimu anayehitaji kumwambia kwamba mstari wa kuchemka una mwisho. Amefika mwisho wake.

Kisha mwambie ainame ubavuni, upande wa ujazo mkubwa, na afumbe jicho moja. Ulimi wote utakunjika machoni pake uwe mstari mmoja unaopanda kutoka angahewa 34 hadi 73 na kukatika ghafla. Ndio mchoro wa kitabu. Kwa mwanafunzi asiyeona, ambaye mchoro wa ubaoni haumsaidii lolote, kielelezo hiki kinampa umbo lenyewe kabla ya kivuli, naye huenda akawatangulia wenzake.

KUTOKA MEZANI HADI JIKONI

Faida ya umbo hili haiishii maabara. Mtungi wa gesi ya kupikia una propani na butani, na nukta zao za upeo, nyuzijoto 97 na 152, ziko mbali juu ya joto la jikoni lolote. Ndiyo maana gesi hizo hukaa mtungini zikiwa kiowevu, kama inavyoonekana katika kibiriti cha gesi cha plastiki. Nukta ya upeo ya methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni nyuzijoto 83 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo haiwezi kugeuzwa kiowevu kwa kugandamizwa tu, ni lazima ipozwe vikali.

Mtungi unaotumika uko juu ya ule ulimi bapa, sehemu ya kiowevu na sehemu ya mvuke. Kwa propani tupu, shinikizo ni takriban angahewa 8 katika nyuzijoto 20, uwe mtungi umebakiza nusu au kikombe kimoja. Kwa hiyo kipimo cha shinikizo hakiwezi kumwambia mpishi gesi iliyosalia ni kiasi gani, na anayeutikisa au kuupima kwa mizani ana akili kuliko anayekiamini kipimo. Vizimamoto vya kaboni dayoksaidi havina kipimo cha shinikizo kwa sababu iyo hiyo. Hukaguliwa kwa kupimwa uzito. Na katika alasiri ya Lodwar au Garissa, halijoto inapopita 31, ndani ya kizimamoto hicho hamna tena kiowevu cha kuzungumziwa.

Lakini tazama pia ule ukuta wima ulio kushoto mwa kielelezo. Mtungi uliofungwa hauwezi kubadilisha ujazo, kwa hiyo ukipata joto unasafiri moja kwa moja kuelekea nyuma ya kielelezo. Ukiwa juu ya ulimi, unapanda pole pole: kwa propani, kutoka angahewa 8 hadi 13 na nusu halijoto inapotoka 20 hadi 40, jambo ambalo chuma cha mtungi kinalimudu. Ukiwa umejazwa kiowevu hadi pomoni, hauko juu ya ulimi. Uko chini ya ukuta, na kila nyuzijoto inayoongezeka inaupandisha ukuta huo. Hii ndiyo sababu mitungi hujazwa takriban asilimia 80 hadi 85 tu, na ndiyo sababu ujazaji wa vichochoroni usiokuwa na mizani ni hatari hata pasipokuwa na cheche wala uvujaji. Katika mchoro bapa ukuta huo haupo. Kidole kimoja kwenye udongo kinaukuta.

Urefu wa nchi yetu kutoka baharini nao unaingia. Maji yanayochemka kwa 100 Mombasa huchemka kwa takriban nyuzijoto 94 hadi 95 Nairobi, na karibu 84 kwenye kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, mita 4,985. Mpishi wa githeri wa nyanda za juu hakosei anapolalamikia kuni. Sufuria ya shinikizo, inayofikisha angahewa mbili hivi, inampandisha hadi 120.

MIPAKA YA KIELELEZO

Vielelezo vina udhaifu wake, na mwalimu mwaminifu hauufichi. Kielelezo cha kadibodi kina vipimo vitano tu vya kweli. Udongo ulio kati ni kisio. Kila dutu inahitaji chake, na mwanafunzi aliyeshika kimoja tu anaweza kudhani dutu zote zina ulimi wa ukubwa huo. Programu za kompyuta na mashine za kuchapisha maumbo zinaweza kutoa kitu sahihi zaidi kwa saa chache. Hata hivyo, umbo lililochapishwa na mashine limekwisha kumaliza kazi yake kabla mwanafunzi hajaligusa, na katika somo hili kazi yenyewe ndiyo somo. Mtaala wa Umilisi unasisitiza kujifunza kwa vitendo; ni ajabu kwamba vyuo vinavyowaandaa walimu wake bado vinafundisha sura hii kwa chaki na kamusi ya alama.

Panapokuwa na viambajengo vitatu, kielelezo kinaacha kuwa msaada na kuwa hitaji. Mfano uliozoeleka ni wa metali za bismathi, risasi na bati. Kitako ni pembetatu, kila pembe metali moja tupu, na kimo ni halijoto ya kuyeyuka. Vilima vitatu vinashuka kutoka pembeni kuelekea mabonde matatu, na mabonde yanakutana katika shimo moja karibu na nyuzijoto 96. Bismathi peke yake huyeyuka kwa 271, risasi kwa 327, bati kwa 232. Zikichanganywa barabara zinayeyuka katika maji yanayochemka Mombasa. Nairobi, kwa hesabu ya hapo juu, huenda zikakataa. Yafinyangwe kwa udongo, si kwa risasi yenyewe, ambayo ni sumu.

Zoezi la mwisho ambalo tungependekeza linarudi kwenye kielelezo cha kadibodi. Mpe mwanafunzi punje ya harage iliyopakwa rangi. Aiweke upande wa gesi, kwenye nyuzijoto 20, kulia mwa ulimi. Aisogeze nyuma hadi nyuzijoto 40, kisha kushoto kupita ncha ya ulimi, hadi ujazo wa 1.6. Sasa aisogeze mbele, arudi nyuzijoto 20 akiegemea ukuta. Punje imeanza ikiwa gesi na imemaliza ikiwa kiowevu, wala haikukanyaga ulimi hata mara moja. Mwulize ni wapi njiani gesi iligeuka kiowevu, na umwache aitafute.